Moshi Ukishaingia Katika Nguo: Niliyojifunza kwa Kuanika, Kuloweka na Kusubiri

Nguo iliyoingiwa na moshi ni hodari wa kujificha. Ukiinusa ikiwa kavu, ndani ya chumba kile kile ilimolala, unaweza kuapa kwamba harufu imekwisha; ukiivaa, mwili ukapata joto na jasho kidogo, moshi unaibuka tena ukosini na kwapani. Nimeishi muda mrefu nyumba moja na mvutaji wa sigara, nimefanya kazi iliyonilazimu kusimama kando ya moto wa kuni, na baadaye nyumba iliyopakana na yangu iliungua, moshi wake ukapenya madirishani mwangu na kujaza kabati. Kwa hiyo nguo zangu zimepitia moshi wa namna tatu, na kila namna ilikuwa na ukaidi wake. Jambo kubwa nililojifunza si sabuni ipi iliyo kali, bali ni kwamba moshi si kitu kimoja: kabla ya kuteka maji, mtu anapaswa kujiuliza ni nini kilichoungua, na moshi wake umeingia katika kitambaa gani.

Nitaanza na pua, kwa sababu ndiyo kipimo tulicho nacho sote, na ni kipimo kisichoaminika. Pua huizoea haraka harufu inayokaa nayo, kiasi kwamba baada ya dakika chache haiitambui tena. Ndiyo maana mvutaji wa sigara hushangaa kwa dhati anapoambiwa kwamba koti lake linanuka. Anayefua nguo za moshi huwa ameinamia beseni muda wote, hivyo hukumu yake haifai. Mimi humpa nguo mtu anayeingia kutoka nje, au hutoka nikakaa kwenye hewa safi kwa kitambo, kisha nikarudi na kuinusa kwa pumzi ya kwanza, kwa kuwa pumzi ya pili tayari imeanza kuzoea. Nina kipimo kingine ninachokiamini zaidi: nachukua kitambaa cheupe kilicho safi, nakilowesha kwa maji ya vuguvugu, nakikamua, kisha nakikandamiza kwenye ukosi au kwenye pindo la mkono wa nguo na kukinusa. Unyevu huziondoa chembe za harufu pale zilipojishikiza kwenye nyuzi, na joto huziharakisha kupanda hewani, kwa hiyo nguo inayojifanya safi ikiwa kavu hufichuka papo hapo. Mara nyingine kitambaa hicho hutoka na doa la rangi ya manjano, na hapo hakuna haja ya kumwuliza mtu.

Moshi tunaouona ni chembechembe ndogo mno za masizi na matone ya lami, nyingi kati yake zikiwa na upana ulio chini ya mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, wakati unywele wa mtu una upana wa makumi kadhaa ya mikroni. Chembe za ukubwa huo hupita katikati ya nyuzi za kitambaa bila kizuizi na kutua ndani kabisa ya mshono, bitana na mifuko. Pamoja nazo husafiri gesi na mvuke wa kemikali nyingi zisizoonekana, ambazo hunywewa na nyuzi zenyewe. Ukikung'uta nguo unaondoa majivu na sehemu ya masizi. Lami na ule mvuke ulionywewa hubaki, na ndivyo vinavyonuka. Hapa ndipo aina ya moshi inapoanza kuwa na maana.

Kuni zina kitu kinachoitwa lignini, ambacho ndicho kinachoupa mti ugumu. Lignini inapovunjwa na moto hutoa jamii ya kemikali ziitwazo fenoli, na miongoni mwake imo gwayakoli, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo tunayoinusa tunaposema kitu kinanuka moshi. Pua ya binadamu huitambua ikiwa kidogo sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya nguo kuendelea kunuka hata baada ya sehemu kubwa ya moshi kuondolewa. Moshi wa kuni hubeba pia asidi ya asetiki, ile ile iliyomo ndani ya siki, na ndiyo maana huwa na ukali unaochoma puani. Sigara nayo ina lami yake, lakini huongeza nikotini, ambayo kwa asili yake ni besi, yaani iko upande ulio kinyume na asidi. Nikotini hunata kwenye vitambaa, kuta na mbao, na inapokaa hewani hugeuka rangi ya kahawia, ndipo pazia jeupe katika chumba cha mvutaji linapokuwa manjano.

Tofauti hiyo ya asidi na besi inaonekana kama somo la darasani, lakini kwangu imefanya kazi kuliko ushauri mwingine wowote niliowahi kupewa kuhusu kufua. Fenoli za moshi wa kuni ni asidi dhaifu. Zikikutana na maji yenye magadi ya kufulia, ambayo pH yake, kipimo cha asidi na besi ambacho 7 ni katikati na juu yake ni besi, hufika karibu na 11, hugeuka kuwa chumvi zinazoyeyuka majini kwa urahisi na kuondoka na maji ya kusuuza. Nikotini hufanya hivyo hivyo upande wa pili: katika maji yenye siki hugeuka chumvi na kuyeyuka, ilhali katika maji ya magadi huachiliwa huru na kupanda hewani. Niliwahi kuloweka mashati ya mvutaji mmoja, sehemu katika beseni la magadi na sehemu katika beseni la siki, yote kwa wakati mmoja. Beseni la magadi lilinuka hadi mlangoni, harufu nzito yenye uvundo, wakati lile la siki lilitulia, na maji yake yalikuwa yamegeuka rangi ya chai nyepesi. Tangu siku ile utaratibu wangu ni kwamba nguo ya sigara huanza kwa siki, na nguo ya pamba iliyopigwa na moshi wa kuni huanza kwa magadi. Baada ya mloweko huo wa kwanza ndipo sabuni inapopata nafasi ya kushughulikia lami, kwa kuwa sabuni ndiyo inayoweza kushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine.

Vipimo vyangu ni vya kawaida. Katika beseni lenye lita 10 za maji natia kikombe kimoja cha siki nyeupe, au vijiko viwili vya chakula vya magadi ya kufulia, na kuacha nguo zilowe kwa saa moja au zaidi zikiwa na nafasi ya kuelea. Magadi hukausha ngozi, hivyo glavu ni muhimu. Soda ya kuokea, ambayo watu wengi huisifu, ni besi pia lakini ni ya upole sana, pH yake ikiwa inazidi 8 kidogo tu. Inatuliza ule uchachu wa asidi, nami huitumia kwa nguo za rangi ninazoogopa kuzichuja, ila sitarajii iondoe fenoli. Wako wanaochanganya siki na soda katika beseni moja kwa sababu povu lake linapendeza machoni. Povu hilo ni kabonidioksaidi tu inayotoroka. Asidi na besi zimekwisha kuuana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu isiyokuwa na faida ya kwanza wala ya pili. Ukitaka kuzitumia zote, tumia moja, suuza, kisha lete nyingine.

Mchanganyiko mwingine si wa kupoteza siki tu, ni wa hatari. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa kloramini. Zote mbili huumiza mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha huzidisha madhara. Kwa nguo nyeupe za pamba mimi hupendelea ule unga wa kung'arisha unaofanya kazi kwa oksijeni. Unga huo huzishambulia kemikali za harufu zenyewe badala ya kuzifunika, lakini huhitaji maji ya nyuzijoto 40 au zaidi ili uamke vizuri, na haufai kwa sufu wala hariri.

Kabla ya maji, hata hivyo, kuna hewa, na kama kuna masizi, kuna kazi ya mkono. Baada ya nyumba ile ya jirani kuungua, mashati yangu meupe yalikuwa na vumbi jeusi mabegani, jepesi, ambalo lilionekana lingeondoka kwa kupanguswa tu. Nililigusa kwa ncha ya kidole, na mahali pale pale ukatokea mstari mweusi unaong'aa, umeshikamana na uzi. Masizi ni kaboni laini iliyovikwa mafuta, hivyo kila shinikizo huyasukuma ndani, na maji yakiyafikia mapema huyasambaza. Njia niliyoona inafaa ni kulishika shati kwa ncha za mabega, kulitoa nje na kulikung'uta taratibu huku upepo ukitoka mgongoni mwangu, kisha kupitisha mdomo wa kifyonza vumbi juu ya kitambaa bila kukigusa. Panapobaki doa hutumia sifongo kavu, kwa kulidonoa na si kulisugua, nikigeuza upande kila ukichafuka. Kazi hiyo inachosha na haina mkato. Anayeliingiza shati la masizi kwenye beseni moja kwa moja hutoa shati la kijivu, na kijivu hicho hakirudi nyuma.

Kuanika kabla ya kufua ni hatua inayorukwa na watu wengi, kwa hoja kwamba nguo itafuliwa tu. Hata hivyo mvuke uliokaa juu ya nyuzi huondoka bure ukipewa upepo, na kila kinachoondoka kwa upepo hakitahitaji sabuni. Upepo una kazi kubwa kuliko jua katika hatua hii. Nazitundika nguo zikiwa zimeachana, vifungo vimefunguliwa, mifuko imetolewa nje, na baada ya nusu siku nazigeuza ndani nje. Nguo zilizobanana kwenye kamba hubadilishana harufu zenyewe kwa zenyewe.

Kitambaa ndicho nusu ya pili ya swali. Pamba hupenda maji na huyaruhusu kufika kila mahali, kwa hiyo ndiyo rahisi kuliko zote: magadi, sabuni, maji ya nyuzijoto 60 ikiwa lebo inaruhusu, na kusuuza hadi maji yawe meupe. Poliesta hufanya kinyume. Huyakataa maji na kuyapenda mafuta, hivyo lami hujikalia humo kwa raha wakati maji yanapita pembeni, na hii ndiyo sababu fulana za michezo na koti jepesi la mvua huendelea kunuka wakati shati la pamba lililofuliwa pamoja nazo limekwisha kupona. Kwa poliesta sabuni ya maji hunifaa kuliko ya unga, nikiipaka moja kwa moja kwenye ukosi, kwapa na mapindo na kuiacha ikae kabla ya kulowesha, kisha narudia mzunguko mzima badala ya kuzidisha sabuni katika mzunguko mmoja. Sabuni iliyozidi haisuuziki vizuri, na mabaki yake hugeuka gundi ya kushikia harufu mpya.

Sufu inahitaji subira. Uzi wa sufu unaweza kunywa unyevu wa hewani hadi karibu theluthi ya uzito wake bila wewe kuhisi umelowa, na kwa tabia hiyo hiyo hunywa moshi na kuuachia polepole. Magadi hayaruhusiwi hapa, kwa kuwa sufu na hariri ni protini na besi kali huzila. Maji ya moto pamoja na kusugua hufanya sweta lirudi hadi limtoshe mtoto. Sweta la sufu lililokaa kando ya moto wa kuni mimi hulitundika usiku mahali penye unyevunyevu na upepo, au bafuni palipojaa mvuke wa maji ya moto, kisha hulipeleka kwenye hewa kavu mchana, na hurudia hivyo kwa siku kadhaa. Unyevu huingia na kuusukuma moshi nje. Likibaki na harufu baada ya hapo, ndipo hulifua kwa maji yasiyozidi nyuzijoto 30 na sabuni ya upole, na kulikausha likiwa limelazwa.

Katika kukausha nina sharti moja nisilolilegeza: joto kali halisogei karibu na nguo hadi ipite kipimo cha kitambaa chenye unyevu. Mashine ya kukaushia na pasi huikaza lami iliyobaki ndani ya nyuzi, na kuitoa baada ya hapo ni kazi maradufu. Jua na upepo hazina ubaya huo. Mwanga wa jua hata huvunja sehemu ya kemikali za harufu, ingawa pia huchuja rangi, hivyo nguo za rangi huanikwa ndani nje. Nguo ikishindwa kipimo, hurudi kwenye beseni ikiwa bado mbichi.

Manukato sitayasema sana: marashi juu ya moshi huzaa harufu ya tatu iliyo mbaya kuliko mbili za kwanza. Kilainishi cha nguo huvika nyuzi utando wa mafuta na kufungia moshi ndani, na friji, inayosifiwa na baadhi ya watu, huipunguza kasi ya harufu kupanda hewani, kisha nguo ikipata joto kila kitu kinarudi. Dawa za kupulizia zenye saiklodekstrini, molekuli ya mviringo itokanayo na wanga ambayo huzifungia chembe za harufu katikati yake, zina msaada wa kweli kwa mtu anayetaka kuvaa koti leo jioni, mradi akumbuke kwamba lami bado imo kitambaani. Mashine za ozoni zinafanya kazi pia, lakini gesi hiyo inadhuru mapafu, inakausha mipira ya viunoni na inafifisha rangi, nami naona zibaki mikononi mwa wenye mafunzo na chumba kisicho na watu.

Kwa nguo zisizoweza kuingia majini, msaidizi wangu ni mkaa. Inachekesha kidogo kwamba kitu kilichotokana na moto ndicho kinachokuja kunyonya moshi, lakini sababu yake ni matundu. Gramu moja ya mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kunyonya ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500, na mkaa wa aina hiyo ndio uliowekwa ndani ya vinyago vya kuzuia gesi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mkaa wa kawaida una uwezo mdogo zaidi, ila unasaidia ukiwa mkavu kabisa, kwa sababu ulioloa matundu yake yamekwisha kujaa maji. Nautia ndani ya mfuko wa pamba uliofungwa vizuri ili usichafue, nauweka chini ya kasha lenye mfuniko, na juu yake napanga nguo kwa kulegea, bila kuzishindilia. Wiki moja ni muda wa chini, na katikati yake nazigeuza.

Moshi wa nyumba iliyoungua ni jambo zito kuliko kuni na sigara, kwa sababu humo huwa zimeungua plastiki, rangi, magodoro na nyaya za umeme, na masizi yake yana kemikali zinazodhuru. Nguo hizo nilizishughulikia kwa glavu na barakoa, nikazitenga na nyingine zote, na nguo za mtoto mchanga pamoja na zile zilizokuwa zimeanza kuyeyuka nyuzi nilizitupa bila majadiliano. Suti nilizipeleka kwa dobi aliyezoea nguo za moto, nikamweleza waziwazi kilichotokea, maana dobi asiyeambiwa hupiga pasi. Kabati lenyewe nililiosha kwa sabuni ndani na nje, nikaliacha wazi hadi mbao zikakauka kabisa, kwa kuwa mbao zilizokunywa moshi huurudishia kila nguo inayotundikwa humo. Mikanda, mikoba na henga za mbao pia hazikusahauliwa.

Kazi iliyonisumbua zaidi ilikuwa koti la sufu la marehemu mjomba wangu, mvutaji wa miaka mingi. Lilianikwa, likawekewa mvuke, likalala kwenye kasha la mkaa, na mwili wake ukapona. Mabega ndiyo yaliyokataa. Nikafumua bitana upande mmoja kwa wembe, nikakuta kipande cha sifongo kilichoshonewa ndani ili kuinua bega, kimegeuka rangi ya kahawia na kinamenyeka vidoleni. Sifongo hunyonya moshi kwa kila kitundu chake, wala hakuna njia ya kukifua kikiwa ndani ya koti. Nilikitoa pamoja na mwenzake, fundi akashona vipya na kurudisha bitana, na sasa mtu wa kwanza ninayemwangalia anapolivaa ni yule aliye nyuma yake kwenye foleni. Hajageuza uso bado.